Mama Anakwenda Korongoni

12 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Kazi ya uuguzi inaendaje, na wajukuu wangu wazima? Mimi, Mungu ashukuriwe, naendelea. Mguu wa kushoto nauburuta kidogo tangu kile kiharusi, lakini cherehani nakanyaga.

Wenzangu wa kikundi cha maombi wanakodi basi kwenda ile hifadhi ya milimani, kuona korongo lake lenye maji chini. Nami nimo. Miaka yote hii nawashonea walinzi wa huko sare, na sijawahi kupaona mahali wanapozichania. Nakuarifu tu, siombi ruhusa.

Mama yako

20 Juni

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Lakini Mama, korongo? Kwa mguu huo? Ukiteleza nani atakubeba? Nimeshampigia simu mwenyekiti wa kikundi, nimemwambia kama muuguzi kwamba hali yako hairuhusu. Amekubali kukuacha. Usikasirike, nakupenda ndiyo maana. Pumzika nyumbani.

Binti yako

9 Julai

Binti yangu,

U mzima, na watoto? Mimi mzima kuliko ulivyomwambia mwenyekiti.

Basi liliniacha kweli. Nimesimama kibarazani na viatu vyangu vya kamba, wenzangu wananipungia mikono kama wanaoaga maiti. Sikulia. Nilirudi ndani nikamaliza mzigo wa sare, na gari la hifadhi lilipokuja kuuchukua, nikapanda nao. Dereva akauliza, "Mama, nawe ni sare?" Nikamwambia, "Nihesabu hivyo hivyo."

Mlinzi wa kuniongoza alikataa mwanzoni. "Mama, huku kuna mteremko." Nikamjibu, "Nawe una kitambi, suruali yako naipanua kila mwaka, mbona unashuka?" Akacheka, akanipa mkono. Penye mawe niliserereka kwa makalio, na gauni langu la ibada.

Mwanangu, mlima umepasuka kama kitambaa kilichoraruliwa kwa mikono, wala si kwa mkasi, na maji yananguruma huko chini. Nilifumba macho nisali. Sikuomba kupona. Nilimshukuru Mungu kwamba hakukuuliza wewe kwanza.

Uliniuguza vizuri, sijasahau. Lakini mgonjwa wako alishapona. Aliyebaki ni mama yako.

Majini sikufika. Mwezi ujao narudi, nishuke mpaka chini. Usimpigie mtu simu. Kama una hofu, njoo tushuke wote. Nijibu mapema, nijue kama nikungoje.

Mama yako