Kiti Chenye Magurudumu

Jumatatu, 6 Oktoba
Mkuu kaleta kiti kipya. Cheusi, cha kuzunguka, nailoni haijatolewa. Kakiweka katikati ya ofisi kama bibi harusi. Ndiyo motisha yetu: atakayegonga mihuri mingi hadi Ijumaa, kiti chake. Mimi dirisha la tatu, vyeti vya kuzaliwa, nakalia stuli iliyofungwa kamba — na mgongo huu haujanisamehe tangu nijifungue. Nakitaka!
Dada naye kapiga simu. Dukani kwa shemeji kuna nafasi, feni ipo, kiti kipo. Anataka jibu Ijumaa saa sita mchana.

Jumanne, 7 Oktoba
Mimi 61. Mzee Kishindo wa dirisha la pili — 140! Kila mtu anampa nakala nne. Kagonga hadi risiti ya mkate ya mteja. Nikamuuliza, mzee, na mkate nao umezaliwa lini? Kasema wivu ni maradhi.

Jumatano, 8 Oktoba
Mwanangu kaota jino, nyumba nzima tumeota naye. Nimesinzia juu ya muhuri. Sasa shavu langu limethibitishwa. Mkuu kasema hilo halihesabiki.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mmoja. Siku nzima, muhuri mmoja!
Kaja kijana na kichanga kifuani. Bila cheti hapati kadi ya kliniki. Kishindo kamrudisha mara mbili, eti anampotezea muda. Barua ya hospitali inasema msichana. Tukafungua nepi kuhakiki. Mvulana — akatukojolea mimi, baba yake na fomu. Simu hospitali. Fomu mpya. Simu tena. Saa tisa ndipo nikagonga, polepole, kama ninayemfunika mtoto shuka.
Basi, kiti kwaheri. Kesho namwambia dada nakuja.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kishindo kashinda, 702. Tukapiga makofi. Halafu mlango ukafunguliwa — watu, watu, watu, kila mmoja na cheti mkononi. Wiki nzima, kwa haraka zake, mzee wa watu amegonga muhuri wa IMEFUTWA!
Kajifungia stoo. Kiti kimehamia kwa Mkuu, "kwa usalama." Foleni yote imegeukia dirisha langu. Mama mmoja kasema, huyu ndiye, huyu husoma kwanza.
Saa sita. Dada yuko kwenye simu, anauliza nakuja au siji.
"Subiri kidogo, dada, usikate. Wako arobaini tu."