Nani Amemwinua Baba?

Ratri, usinipigie, Mama atasikia.

Si unaikumbuka ile video ya marehemu Baba ya sikukuu, ile inayotokea kiubavu kwenye tivii? Leo nimeigeuza ikae wima. Kesho ni arobaini yake, ndugu wataitazama baada ya dua. Nikajiona nimefanya la maana!

Kumbe Mama aliipenda hivyo hivyo ilivyolala. Kila jioni hujilaza mkekani, shavu kwenye mto, anatazamana naye. Mimi nikidhani ni uchovu tu!

Nikaiwasha. Baba kasimama, anapunga mkono. Mama hakulia, shoga. Aliniuliza tu, "Wening, nani amemwinua?"

Nani amemwinua!! Nikamwambia, "Mimi, Mama, nimeirekebisha tu." Akasema, "Basi anaondoka. Na mimi sijajiandaa."

Si unawajua wazee wetu, kwao arobaini ndiyo siku roho inapoaga nyumba.

Nikairudisha ilivyokuwa, mbio mbio. Hataki hata kuiangalia. Anasema, "Mtu akishaamka, harudi kulala."

Sasa hivi nimepita mlangoni. Ametoa ndala za Baba, amezifuta vumbi, amezielekeza nje.

Na zake mwenyewe ameziweka pembeni ya zile za Baba.

Njoo, Ratri.