Zebaki Jikoni

Buhemba, 9 Machi 2023

Baba yangu, shikamoo. Habari za Bweri, na masikio je? Juzi kwenye simu nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka, nawe ukawa unanijibu mambo ya mihogo. Basi tuandikiane tu, Felisian wa basi atakuwa analeta kila akija Musoma.

Sisi wazima, isipokuwa mjukuu wako Nyamburi. Mikono yake inatetemeka. Mwalimu ameniita, anasema penseli inamponyoka, na huyu ndiye alikuwa anaandika vizuri kuliko wote. Chakula hagusi. Tumempa dawa ya minyoo, wapi.

Wiki iliyopita bwana afya alikuja shuleni. Akasema hii zebaki ya kukamatia dhahabu, ukiichoma, moshi wake ni sumu, na watoto ndio unawaharibu zaidi. Akauliza nani anachomea nyumbani. Sikunyoosha mkono. Mseti anachomeaga jikoni, kwenye kikaango, nami nipo hapo hapo na Gibson mgongoni. Nikimwambia atoke nje anasema nje watu wataona dhahabu yake, na bwana afya hajawahi kushika sululu. Wewe umechimba miaka kumi na minane. Ukisema aache, mume wangu ataacha. Ni kweli moshi huo ni sumu, baba?

Mwanao,
Gaudensia

Bweri, 20 Machi 2023

Mwanangu, marahaba. Mimi mzima, magoti tu. Mihogo imeshika vizuri.

Hayo ya moshi usiyatie moyoni. Sisi tulikuwaga tunachoma ndani miaka yote na tupo. Nyamburi mpe maziwa na dagaa, ataongeza damu. Mseti ni mchapakazi, usimletee maneno ya maofisa nyumbani. Wabusu wajukuu zangu.

Baba yako,
Burito

Bunda, 11 Mei 2023

Baba, shikamoo. Natumaini ulifika salama ulipotoka kwenye msiba wetu. Ulikaa chini ya turubai siku mbili hukusema kitu. Nilidhani ni huzuni.

Nakuandikia nikiwa hospitali, Nyamburi amelazwa. Mkojo wake ulipelekwa kupimwa Mwanza na majibu yamerudi. Ni zebaki. Daktari akaniuliza kama nina mtoto mwingine nyumbani. Nikasema alikuwepo. Akauliza alikufaje. Nikamweleza: Jumatatu ya Pasaka mvua ilinyesha, baba yao akafunga mlango akachoma, jioni ile Gibson akaanza kukohoa na kuhema mbavu zikiingia ndani, Ijumaa akafa. Tuliandikiwa nimonia. Daktari aliacha kuandika.

"Mama, hukuambiwa?"

Barua yako nilimsomea Mseti, baba. Alifurahi. "Umesikia? Mzee mwenyewe amesema." Nami nikanyamaza, kwa kuwa ulikuwa umesema.

Silii. Nafua nguo za Nyamburi, naanika, naanua. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulikuwa unajua?

Mwanao,
Gaudensia

Bweri, 25 Juni 2023

Mwanangu, hujambo? Mjukuu wangu anaendeleaje? Barua hii nimeianza mara nyingi nikachana.

Nilijua. Kaka yako Edwin hakufa kwa surua, kama mlivyoambiwa. Alikuwa na mwaka mmoja, wewe uko tumboni. Nilichoma jikoni kwa mama yako, mlango umefungwa, na siku ya tatu hatukuwa naye. Alihema vile vile ulivyoandika. Mganga wa zahanati alimuuliza mama yako, "Humo ndani kulikuwa na moshi gani?" Nikajibu mimi: wa kuni. Mama yako aliniangalia. Hakulitaja jambo hilo mpaka anakufa, na mimi sikulitaja.

Uliponiuliza nilitaka kuandika ndiyo. Lakini nikisema ndiyo kwa Nyamburi, nimesema na kwa Edwin. Nikakuandikia ulichosoma.

Kesho napanda gari kwenda Buhemba, kwa Mseti na wenzake. Sikuombi kitu.

Baba yako,
Burito

Kabasa, 2 Septemba 2023

Baba, shikamoo. Mimi mzima.

Niko hapa Kabasa, Bunda, kwa shangazi Ursula tangu Nyamburi aruhusiwe. Mseti alikuja wiki jana. Amesema ulisimama pale kwenye karasha la kusagia mawe, wakazima mashine, ukawaambia habari za Edwin na za Gibson, kwa majina. Mmoja alicheka. Wengine waliangalia chini. Jirani yetu Mama Lucy alitoa kikaango cha mumewe nje siku hiyo hiyo. Sasa wamejenga kibanda mbali na nyumba na wanachomea huko, watoto hawaruhusiwi kusogea. Mseti alieleza yote hayo amesimama mlangoni. Nikampa chai, akanywa, akarudi.

Mikono ya Nyamburi imetulia kiasi. Daktari anasema tusubiri, na kwamba mengine huenda yasirudi. Anaandika jina lake, herufi zinapanda juu ya mstari. Anakuulizia sana.

Jumamosi ijayo shangazi atamleta Bweri alale siku mbili. Dawa zake ni za asubuhi, ameze akishakula. Kukipoa avae sweta. Akidondosha kikombe usimkaripie, siyo kusudi.

Mimi sitakuja. Siyo hasira, nimeitafuta na siioni. Nyamburi akiniuliza kwa nini sikuja, nitamwambia yote, kama yalivyokuwa. Ningependa aanze kuyasikia kwako.

Mama wa Nyamburi na wa Gibson