Kigari Kimepata Dereva

Ludlow, Jumapili

Dada Thelma,

Ninyi huko Australia mnaota jua. Sisi huku tunaota ukungu. Bata wa jirani bado wananizomea.

Unamkumbuka Mjomba Cyril aliponipakia kwenye kigari chake cha viti viwili na paa la kukunja, nikiwa na miaka saba? Nilitapika njia nzima, nikashuka nimeshakipenda. Sijapona hadi leo. Kigari changu mwenyewe, mke wangu Doreen hukiita "kimada wako anayevuja mafuta".

Sasa macho yamechoka, na daktari kanikataza usukani. Nikamwambia Doreen tukiuze.

"Nani kakwambia kinauzwa? Lete funguo, mzee wewe!"

Tukatoka paa likiwa wazi. Mvua ikaanza.

"Tufunge paa, mama. Utapata mafua."

"Nyamaza. Miaka arobaini umeniacha ninyeshewe, ukisema kufunga paa ni uoga. Leo zamu yako."

Unajua sisi wenye vigari hivi hupungiana mikono tukipishana. Doreen alikuwa akiona aibu, anajifanya anatafuta kitambaa. Kwenye mteremko nikasikia mngurumo ninaoujua, ila sikuona kitu. Doreen akatoa mkono kwenye usukani.

"Unafanya nini?" nikapiga kelele.

"Nampungia mwenzetu."

Nduguyo niliyelowa chapa,
Cedric