Sola kwa Wapangaji

Bariadi, Julai 1997

Kaka Elia,

Mwangaluka. Huku wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa mjini. Sola uliyotutumia ilifika salama. Baba alitaka kila chumba cha wapangaji kipate taa, akapanda juu kuifunga mwenyewe. Akateleza kwenye bati, akaanguka. Nilipomwinua kichwa akauliza, "Joyness, zimewaka?" Nyaya zilikuwa bado hazijaunganishwa. Nikamjibu, "Zimewaka, baba." Hakusema tena. Tumemzika jana. Telegramu nadhani haikukufikia.

Fundi alikuja kumalizia kazi. Jioni wapangaji walisita kuwasha taa msibani. Mama akawaambia, "Washeni. Ndicho alichokitaka." Wakawasha, nyumba nzima ikang'aa.

Mama anasema usijilaumu. Mimi bado sijalia.

Mdogo wako,
Joyness