Alama Nilizozifagia

Kaptagat,
6 Julai 1986

Mpendwa binti yangu Njambi,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Nakuru je? Na cherehani yako?

Tangu tumzike baba yako sijakaa chini. Asubuhi nyasi zikiwa bado nyeupe kwa sakitu, natoka na panga kumtafuta yule chui aliyemuua. Kila siku redioni tunaambiwa tufuate nyayo za Rais, basi mimi nafuata za chui. Hayo usiyasome kwa sauti. Nimemwaga majivu kuzunguka boma, na sasa namjua vizuri. Mguu wake wa mbele wa kushoto haukanyagi sawasawa, unagusa kwa vidole tu, na kando yake kuna mstari mwembamba, kuna kitu anakikokota. Ndiyo maana aliwaacha kima wa msituni akamjia mbwa wetu, na baba yako akatoka kumwokoa mbwa.

Nitampata. Na kabla sijamuua, nataka anitazame usoni.

Mama yako.

Nakuru,
15 Julai 1986

Kwako Mama,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Mimi sijambo, tumelemewa na sare za shule tu.

Umri wako na panga msituni! Baba angekucheka mpaka akohoe. Lakini usimwachie, Mama. Kila nikikaa kwenye cherehani naliona lile blanketi tulilomfunika. Muue, na ngozi yake tuitandike mlangoni tuwe tunaikanyaga.

Msalimie jirani yetu Angeline. Mwambie sijasahau alivyofua nguo za Baba zenye damu bila kuombwa.

Binti yako,
Njambi.

Kaptagat,
2 Agosti 1986

Njambi wangu,

U hali gani? Mwili wangu hauna shida, ni roho iliyochafuka.

Kitu anachokikokota yule chui ni waya. Nilifuata njia anayopenda kupita mpaka kwenye mti mmoja wa msaipras, nikakuta kipande kilichobaki kimefungwa kwa shina. Ni mtego wa pongo, wale paa wa msituni. Chui alinasika hapo, akajinasua, akaondoka na waya ndani ya nyama yake. Pembeni kulikuwa na mtego mpya umetegwa juzi, na kwenye tope alama za viatu vya akala: moja ya tairi la lori, nyingine la trekta. Unamjua mwenye akala hizo, kanisa zima humcheka. Ni Zachariah, mume wa Angeline. Yule yule aliyeomba kaburini akasema ni mapenzi ya Mungu. Alijua, Njambi. Alisimama pale na Biblia akijua.

Nilienda kwa chifu. Akaniambia nisimharibie Zachariah jina, yeye ni mwenyekiti wa tawi la chama. Chifu mwenyewe anakula hiyo nyama, na inayobaki Zachariah huiuza sokoni Langas akisema ni ya mbuzi.

Sasa sikia. Pongo wake huwatundika jikoni, kile kijumba cha nyuma. Chui amenusa. Kila asubuhi nakuta nyayo zake zimezunguka jiko hilo, na kila siku zinasogea karibu na mlango. Zachariah hajaziona hata mara moja, kwa sababu mimi huzifagia kabla hajaamka.

Mama yako.

Nakuru,
9 Agosti 1986

Mama,

Salamu nitazirefusha siku nyingine. Ukipata barua hii, weka ufagio chini. Nilitaka huyo chui afe kwa mkono wako, sikutaka akufanyie kazi. Zachariah namchukia mpaka mate yananikauka. Lakini anayeingia jikoni asubuhi kuwasha moto ni Angeline, na mtoto mgongoni! Waambie. Nakuomba kwa jina la Baba. Unijibu haraka.

Binti yako,
Njambi.

Kaptagat,
20 Agosti 1986

Binti yangu mpendwa,

Habari za siku? Mimi ni mzima kuliko miezi yote hii.

Kuhusu Angeline ulisema kweli, nisingejisamehe. Siku ile ile barua yako ilipofika nilimwambia naogopa kulala peke yangu. Akaja na watoto na blanketi zao, na wako hapa mpaka leo. Yule mdogo anapenda sana uji wangu. Zachariah alibaki kwake, akawa anajiwashia moto mwenyewe. Yeye sikumwambia kitu.

Jana kulikucha na sakitu nene. Nilikwenda na ufagio wangu. Mlango wa jiko ulikuwa wazi nusu na alama ziliingia ndani. Nilizunguka pande zote nikitafuta za kutoka. Hazikuwepo. Nikafagia taratibu mpaka karibu na kizingiti. Moyo ulinidunda, lakini haukuwa woga.

Zachariah akatoka nyumbani amejikunja, anapulizia viganja.

"Mama Njambi, kumbe ni wewe unanifagilia! Mungu akubariki. Lakini baridi ya leo imezidi, aki."

"Imezidi, Mzee," nikamwambia. "Ingia tu jikoni upate joto."

Mama yako.