Jina la Lungile Ukutani

Mdantsane, Alhamisi

Mdogo wangu Zukile,

Hatujambo, ila miguu ya mama imevimba tena. Kabichi zimestawi.

Jumapili wanazindua ukuta wa majina ya waliouawa enzi za makaburu. Kwenye kikao cha kupanga majina nilisimama nikamtaja kaka yetu Lungile. Mtu akafoka, "Na msaliti naye tumwandike?" Unajua vijana wa mtaa wetu wenyewe ndio waliomchoma moto, wakidai kamuuza Mncedisi kwa polisi.

Mama Nokhaya, mamake Mncedisi, akainuka.

"Polisi aliyemuua mwanangu kakiri juzi mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano," akasema. "Nikamuuliza, nani alimuuza? Akanijibu hakuna, walimfuata tu alipotoka kazini. Mwandikeni Lungile pembeni ya mwanangu."

Hakuna aliyempinga, lakini hakuna aliyepiga makofi. Tangu siku hiyo mama yetu hapati usingizi, anahofia watu watakuja kulifuta jina la Lungile kwa rangi mbele ya macho yake.

Jana kaniuliza, "Zukile atakuja?"

Nimemwambia utakuja. Tafadhali, usinifanye mwongo.

Dada yako,
Thozama